Gundi Angavu Isiyoogopa Maji: Sehemu ya Pili

Sehemu ya kwanza ya makala haya iliishia kwenye gundi za jikoni na za porini: ugali ambao watoto hubandikia karatasi za tiara, uji wa muhogo wa kujalidia madaftari, na utomvu wa rangi ya asali unaojitokeza kwenye magome ya mikorosho. Zote hunata, na zote huachia zikilowa, kwa sababu wanga na utomvu wa namna hiyo ni vitu ambavyo maji huviyeyusha. Leo tunaingia dukani.

Mtu wa Chiola, mkoani Lindi, akipanda gari kwenda Nachingwea au Ruangwa kununua gundi, ombi lake huwa moja: "Nipe ile isiyo na rangi, isiyoingia maji." Muuzaji naye huwa na jibu moja, kijichupa cha supa gluu. Wanaachana kwa amani. Kifuku kikifika, sahani iliyoungwa inabaki nusu mkononi na nusu kwenye karai, na lawama zote zinaangukia "gundi feki". Gundi feki zipo, sikatai. Ila mara nyingi gundi ilikuwa nzima, na kilichokosekana ni maswali mawili ambayo hayakuulizwa pale kaunta: kilichovunjika ni kitu gani, na maji yatakifikia kwa njia ipi.

Tuanze na maji. Wengi hudhani kwamba maji huishinda gundi kwa kuiyeyusha. Kwa ugali na uji wa muhogo ndivyo ilivyo. Kwa gundi nyingi za dukani sivyo. Supa gluu ikishaganda haiyeyuki majini, na epoksi, ile ya vibomba viwili inayoitwa Araldite, ni vivyo hivyo. Maji hupita pembeni. Hupenya polepole kwenye mpaka, pale gundi inapogusana na kitu, yakaanza kuibandua kutoka ukingoni kuingia ndani. Ukitaka ushahidi, chukua kioo kilichoachia ukiangalie vizuri kwenye mwanga: mara nyingi utakuta gundi yote imebaki upande mmoja, nzima na laini, na upande wa pili hauna hata chembe. Gundi haikukatika hata kidogo. Ilichoshindwa ni kushika.

Kioo ndicho kinachosumbua kuliko vyote, kwa sababu uso wake unayapenda maji mno. Epoksi hushika kioo kikavu kwa nguvu ya kushangaza, lakini kiache majini wiki kadhaa, nayo maji huisukuma na kukaa mahali pake. Silikoni ina bahati nyingine. Kioo hutengenezwa kwa mchanga, na mchanga ni silika. Silikoni ya kwenye bomba nayo imejengwa juu ya mnyororo wa atomi za silikoni na oksijeni, kwa hiyo inapoganda hufungamana na kioo kikemikali, haijibandiki tu juu yake. Matangi ya samaki wa mapambo tunayoyaona kwenye hoteli za mjini yameungwa kwa silikoni peke yake, kioo kwa kioo, bila skrubu, na hubeba maji miaka kwa miaka. Anayefuga samaki aulize silikoni iliyotajwa kuwa ni ya matangi, kwa kuwa nyingi za bafuni hutiwa dawa ya kuua ukungu, na dawa hiyo si rafiki wa samaki.

Mtungi wa udongo nao una hadithi yake. Sifa ya mtungi ni kutoa jasho: maji hupenya kwenye vinyweleo vya udongo, hufika nje, hukauka kwa upepo, na yaliyobaki ndani hupoa. Sasa ukiunga ufa wa mtungi, maji hayaji kutoka juu ya gundi tu, yanakuja kutoka nyuma yake, kupitia udongo wenyewe, usiku na mchana. Ndiyo maana mtungi ulioungwa kwa gundi ya bei mbaya hudumu majuma machache, ilhali chungu cha maua kilichoungwa kwa gundi ileile kinaendelea. Unaweza kuziba vinyweleo kwa kupaka epoksi ndani yote, ila hapo utakuwa umeua ubaridi, na maji ya kunywa yatakuwa yanalala juu ya gundi ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya chakula. Mimi mtungi uliopasuka ningeufanya wa kuhifadhia mbegu.

Jambo la mwisho kuhusu maji ni joto lake. Supa gluu za kawaida huanza kupoteza nguvu karibu na nyuzi 80 za Selsiasi, na epoksi nyingi za nyumbani hulainika hata kabla ya hapo. Chai inayotoka kwenye chupa ya chai inaweza kuwa imevuka kiwango hicho. Mkono wa kikombe ulioungwa kwa gundi ya shilingi mia tano, ukashikwa na mgeni aliyekaa na mtoto mapajani, ni hatari ambayo hakuna haja ya kuiendea. Kikombe cha kahawa kikikatika mkono, kiwekeni kalamu.

Tuje kwenye uangavu. Neno hili husomwa kwenye kasha la gundi na watu wakaridhika, lakini lina nyakati tatu. Kuna uangavu wa gundi ikiwa bado ndani ya kibomba, wa gundi ikishaganda, na wa gundi ikishapigwa na jua la mwaka mzima. Gundi nyeupe ya mbao ni ya maziwa inapotoka, kisha hukauka ikawa haina rangi. Ikilowa tena inarudia weupe wake na kulainika. Epoksi nyingi hutoka angavu na kuganda angavu, kisha miale ya jua ikaanza kuzigeuza njano, na kusini mwa nchi yetu miale hiyo haina uhaba. Supa gluu hubaki angavu, lakini mvuke wake hutua kando ya ufa na kuacha ukungu mweupe unaochukiza, hasa juu ya kitu cheusi. Silikoni angavu haigeuki njano upesi, ila inashika vumbi, haikubali kupakwa rangi, na kwenye unyevu wa bafuni huota madoa meusi.

Kwa hiyo anayetaka vitu viwili kwa pamoja, uangavu na uhodari wa maji, inambidi aseme ni kipi anakihitaji zaidi. Miwani, kioo cha fremu ya picha, shanga za kioo, pambo la gamba la kombe: hapo uangavu una kazi. Ndoo, soli, kiti, mpini wa jembe dogo la bustani: nani atauangalia? Hata kwenye sahani ya udongo, ufa hauonekani kwa sababu gundi ilipakwa nyembamba na vipande vikabanwa sawasawa, wala si kwa sababu ilikuwa haina rangi. Gundi angavu iliyopakwa nene huonekana kuliko ya rangi iliyopakwa kwa ubahili. Tena kuna njia ya kale zaidi, ya kuacha uangavu kabisa na kutia ndani ya gundi unga wa rangi ya kitu kinachoungwa.

Nasema ya kale kwa maana halisi. Katika pango la Sibudu, KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini, wataalamu wa mambo ya kale wakiongozwa na Lyn Wadley walikuta zana za mawe zenye mabaki ya gundi, umri wake ukiwa kama miaka 70,000. Waliozitengeneza zana hizo walikuwa wamechanganya utomvu wa mti na udongo mwekundu wa chuma, kisha wakaukausha mchanganyiko karibu na moto. Wadley na wenzake waliujaribu mchanganyiko huo kwa mikono yao na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Utomvu mtupu hunyonya unyevu wa hewa ukalainika, na ukikauka sana hupasuka. Ukitiwa udongo mwekundu, hutulia. Kwa maneno mengine, swali la mteja wa Nachingwea ni la zamani sana, na watu wa Sibudu walilijibu kwa kuchagua uhodari na kuachana na uangavu.

Pwani yetu ya kusini ilikuwa na mali iliyotoa vyote viwili. Msandarusi ni mti wa mwambao, na utomvu wake ukikaa ardhini karne nyingi hugeuka sandarusi ngumu, njano, inayopitisha mwanga. Nzuri kuliko zote haikugemwa kwenye miti. Ilichimbwa mahali ambapo misitu ilikuwa imekwisha kufa zamani, kuanzia Mrima hadi kusini, ikapelekwa Unguja, na huko ikapata jina la sandarusi ya Zanzibar ingawa kisiwa hicho kilikuwa bandari tu. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa, na konsuli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, aliyefika Unguja mwaka 1837, alikuwa mtu wa Salem. Huko ng'ambo sandarusi iliyeyushwa kwenye joto kali na kuchanganywa na mafuta ya kitani, ikawa vanishi ya magari ya farasi na samani za matajiri: ngumu, yenye kung'aa, isiyojali mvua ya London wala theluji ya Boston. Kisha viwanda vikaanza kupika rasini zao wenyewe, na biashara ya sandarusi ikanyauka.

Bara, kwenye nchi ya Wamwera na Wangindo, mali ilikuwa mpira wa porini. Mimea ya kutambaa ya msituni ilichanjwa, utomvu wake mweupe ukagandishwa na kuviringishwa mafundo, na mwishoni mwa karne ya 19 misafara iliushusha Kilwa na Lindi. Mpira ulikuwa na kazi nyingi Ulaya, na mojawapo inatuhusu. Mwaka 1823 Charles Macintosh wa Uskochi alipata hataza ya kuyeyusha mpira kwenye mafuta ya makaa ya mawe na kubandikia vitambaa viwili pamoja. Likawa koti la mvua. Kilichokuwa kikizuia maji kilikuwa ile gundi ya katikati.

Gundi hiyo bado ipo, na kila mwenye baiskeli Chiola anaijua: ni solusheni. Kaa pembeni ya fundi baiskeli umtazame. Anaukwangua mpira kwa kipande cha bati kilichotobolewa matundu ya msumari mpaka uso unapoteza mng'ao. Anapaka solusheni upande wa tyubu na upande wa kiraka. Halafu haziungi. Anapiga soga, anaongeza upepo gurudumu la mwingine, anarudi, anagusa kwa kidole. Ikiwa bado inavutika kwa nyuzi anaacha, ikiwa imefifia na haichafui kidole ndipo anabandika na kugongagonga. Yule kijana anafanya mambo mawili ambayo wasomi wengi hawayafanyi nyumbani kwao: anasafisha na kukwaruza, na anasubiri. Gundi ya viatu ya rangi ya ngozi inataka utaratibu uleule hasa. Ukibandika soli ingali mbichi, kiyeyushi kilichomo kinafungiwa ndani, na soli itafumuka hatua chache baada ya kuvuka kijito. Wala usitumie supa gluu kwenye soli. Ikiganda ni ngumu na yenye kukatika, na soli kazi yake ni kupinda.

Supa gluu yenyewe ilizaliwa kwa kutafuta kitu kingine. Mwaka 1942 Harry Coover wa kampuni ya Eastman Kodak nchini Marekani alikuwa akitafuta plastiki angavu ya kutengenezea vilengeo vya bunduki. Akapata kemikali ambayo ilinata kila kitu ilichogusa, akaitupa kando kwa kuwa ilikuwa kero. Mwaka 1951 yeye na mwenzake Fred Joyner waliirudia. Joyner alipaka tone kati ya vioo viwili vya kifaa cha kupimia mwanga, na kifaa hicho cha bei kubwa hakikuachana tena. Ndipo Coover akaona alichokuwa nacho. Ilianza kuuzwa mwaka 1958.

Kinachoigandisha supa gluu ni unyevu. Haihitaji hewa ya moto wala kukauka. Inahitaji chembechembe za maji zilizotanda juu ya kila kitu hata tusizoziona. Kwa hiyo kwenye kifuku hushika upesi kuliko mwezi wa nane, na ukipumulia kidogo uso wa kitu kabla ya kubandika unaisaidia. Kwa sababu hiyohiyo haigandi vizuri ikiwa nene: unyevu haufiki katikati. Tone moja linatosha mahali ambapo mtu angetaka kumimina matano. Inafaa vitu vidogo, vigumu, vinavyokutana sawasawa bila mwanya, visivyolowekwa: pembe ya fremu ya miwani ya plastiki ngumu, kito kilichodondoka kwenye pete, kichwa cha mwanasesere. Kwenye kioo haidumu.

Mahali penye mwanya, penye uzito, au panapopigwa na mvua, sogea kwenye epoksi. Asili yake ni Uswisi. Pierre Castan aliandikisha hataza yake miaka ya 1930 alipokuwa akitafuta dawa ya kutengenezea meno ya bandia. Kampuni ya Ciba ikaichukua, na mwaka 1946 ikaitoa sokoni kwa jina la Araldite, jina ambalo kwa mafundi wetu limekuwa la epoksi zote. Ni vibomba viwili, rasini na kigandishi, na vikichanganywa nusu kwa nusu vinaunda kitu cha tatu ambacho hakiwezi kurudi kuwa viwili. Hakuna kinachokauka hapo, hivyo hainywei na inajaza mwanya.

Kosa la kawaida ni kukadiria. Mtu anaona kigandishi kikizidi kidogo gundi itaganda haraka, anakizidisha. Haiendi hivyo. Kile kilichozidi hakina cha kuungana nacho, kinabaki ndani kama kilivyo, na gundi inakuwa tepetepe daima. Minya mistari miwili ya urefu mmoja kwenye kigae safi, changanya kwa njiti taratibu muda wa kama dakika mbili, bila kuchapa, ili usiingize mapovu, kwa sababu mapovu ndiyo yanayoufanya ufa uonekane. Kibomba kikiwa kizito kiote jua dakika chache kwanza.

Ziko epoksi za dakika tano na ziko za usiku mzima. Zile za haraka zinavutia, lakini kwa jumla huvumilia maji kidogo kuliko zile za taratibu. Kama kitu kitakaa nje Novemba hadi Aprili, chukua ya taratibu, kifunge kwa uzi au tepe, kiache mpaka kesho yake jioni. Huu ndio ushauri ninaousimamia kuliko wote katika makala haya, na najua ndio utakaopuuzwa.

Kuna jambo linalowagusa wakulima wa korosho hapa, nami siwezi kulipita. Waliobangua korosho kwa kukaanga wanayajua mafuta ya ganda: meusi-kahawia, yanayochubua vidole mpaka ngozi inatoka. Ukali huo unatokana na kemikali za jamii ya fenoli, na kemikali hizo viwanda vya nje hugeuza kuwa vigandishi vya epoksi za meli na mabomba. Sifa yake kubwa ni kwamba kigandishi hicho hukubali kufanya kazi hata kwenye baridi na juu ya chuma chenye unyevu, mahali ambapo vingine hugoma. Sehemu kubwa ya korosho ya Lindi na Mtwara imekuwa ikisafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam, ganda na vyote. Mtu wa Nachingwea anauza ganda bure pamoja na kiini, kisha anapanga foleni dukani kununua uhodari wa maji uliotoka ng'ambo. Si angavu, nakubali. Lakini tumekwisha kuona kwamba uangavu si kila kitu.

Sasa plastiki, ambako fedha nyingi za gundi hupotelea. Ndoo, madumu, mabeseni, viti vya sherehe: vingi ni vya plastiki ambazo gundi za kawaida hazizishiki kabisa, ziwe za bei gani. Uso wake ni kama wenye mafutamafuta. Tone la maji juu yake hujikunja likawa kiduara badala ya kutanda, na gundi nayo hujikunja hivyohivyo. Zitambue kabla ya kununua. Geuza chombo utazame chini: kuna pembetatu ya mishale na namba ndani yake. Namba 2, 4 na 5, weka pesa mfukoni. Kama namba imefutika, kata kipande kidogo, kidumbukize kwenye maji yenye tone la sabuni, kisukume kwa kidole kizame. Kikirudi juu na kuelea, ni jamii hizo. Kikibaki chini, huenda kinaungika. Nasema huenda, kwani viwanda vingine huchanganya unga wa chokaa kwenye plastiki, na chokaa huzamisha hata kile ambacho kingeelea.

Kwa dumu linaloelea, dawa ni moto. Fundi hupasha kipande cha nondo kwenye mkaa, anachana ukanda mwembamba kutoka kwenye dumu bovu la aina ileile, anauweka juu ya ufa na kuupitishia chuma mpaka plastiki mbili ziyeyukiane, kwanza nje, kisha ndani kama mkono unaingia. Mshono wake ni mbaya machoni na maji hayapiti. Siku ya mvua ya kwanza nitaliamini dumu hilo kuliko lolote lililopakwa gundi angavu. Afanyie uwanjani tu, moshi wake si wa kuvuta.

Mabomba ya maji ya namba 3 yana gundi yake inayouzwa pamoja nayo. Hiyo haibandiki, inalainisha plastiki ya pande zote mbili mpaka zinakuwa kitu kimoja. Usiitumie kwa kazi nyingine.

Kwa mbao niseme machache. Gundi nyeupe za mbao za Ulaya hupimwa kwa daraja la D1 hadi D4. D1 ni ya kitu kitakachokaa ndani pakavu maisha yake yote. D3 huvumilia kulowa mara kwa mara kwa muda mfupi, na D4 ndiyo ya dirisha na mlango wa nje, tena ikiwa mbao imepakwa rangi. Herufi na namba hizo zimechapwa kwenye kopo kwa maandishi madogo. Kopo lisilo na chochote, lihesabu kuwa la ndani.

Mpingo unataka aya yake, kwa kuwa misitu ya Lindi ni miongoni mwa makao yake makuu na wachongaji wa kusini hawaishi kugombana na nyufa. Mbao hii ina mafuta, na gundi iliyopakwa juu ya mafuta itaambuka. Futa sehemu ya kuunga kwa spiriti au asetoni, ile wanayotolea rangi ya kucha, na uunge papo hapo kabla mafuta hayajapanda tena. Ufa mdogo kwenye kinyago huzibwa kwa kujaza unga wa mpingo wenyewe, uliokusanywa chini ya msasa, kisha tone la supa gluu likinyweshwa juu yake. Hugeuka jiwe jeusi papo hapo. Ukipiga msasa na kusugua nta, ufa unapotea machoni. Mafundi wa klarineti huko Ulaya hutumia njia hiyohiyo kuziba nyufa za ala zao, na ala hizo ni za mpingo, pengine uliotoka Kilwa, ambako misitu ya vijiji ilipata cheti cha FSC, cha usimamizi bora wa misitu, mwaka 2009. Angalia kwamba hapa pia rangi ndiyo iliyofanya kazi. Epoksi angavu kwenye ufa wa mpingo huonekana kama mstari wa kijivu unaomeremeta, na mnunuzi atauona kwanza kabla ya sura ya kinyago.

Tahadhari mbili. Supa gluu ikimwagika kwenye kitambaa cha pamba, kanga au shati, huchemka yenyewe na inaweza kuunguza ngozi iliyo chini yake. Usiifutie kwa pamba, wala usivae glavu za kitambaa. Na kijichupa chake kinafanana mno na cha dawa ya macho, kwa hiyo visikae kwenye kabati moja, hasa penye mzee asiyeona vizuri. Ikiingia jichoni usivute kope. Mwagia maji ya uvuguvugu kwa wingi na uende zahanati. Vidole vilivyogandana vilowekwe kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni na kuzungushwa polepole, havivutwi.

Mwenye nyumba anayetaka kujiandaa kabla ya Novemba anahitaji vitu vichache: epoksi ya taratibu ya vibomba viwili, solusheni, na vijichupa vidogo vya supa gluu vya kutumia mara moja, kwa kuwa kikubwa kikishafunguliwa unyevu hukigandisha kabla hakijafika nusu. Silikoni ndiyo yenye shida ya kipimo. Huuzwa kwa bomba la karibu mililita 300, kazi ya nyumba moja haimalizi hata robo, na iliyobaki huganda mdomoni. Majirani watatu wakichanga bomba moja na kukusanya kazi zao siku moja, asubuhi kusiko na dalili ya mvua, itatosha wote. Wapake nyembamba: silikoni huanza kuganda nje kwenda ndani, milimita mbili au tatu kwa siku, na tuta nene litakuwa bado bichi katikati wakati maji ya kwanza yanalifikia.

Sehemu ya tatu itahusu paa la bati: tundu la msumari, lami, na kwa nini kiraka cha silikoni juani hubanduka upande mmoja.